Kilichokatwa kwa Kalamu Nyekundu

Kila asubuhi Shangazi hubisha hodi kwenye mlango wa ofisi yake mwenyewe. Ufunguo anao yeye, na ndani hamna hata panya, lakini hugonga, husubiri kidogo, ndipo afungue. Mlinzi wa jengo hamwachi bila utani: "Mwalimu, siku wakikuitikia humo, mimi nishafika kwetu!"

Chumba kilikuwa cha Profesa. Alimwachia Shangazi "kwa muda", pale Shangazi aliposhindwa kutetea tasnifu yake ya udaktari. Mvi zimemkuta humo humo, mhadhiri msaidizi wa fizikia, wa kufundisha mwaka wa kwanza kupima jiwe linalobembea kwenye uzi. Kwenye ukoo husemwa hesabu zilimshinda, na binti wa kaka yake alikua akiamini hivyo, mpaka alipokuja na habari zake.

"Profesa kanikubali niwe mwanafunzi wake wa udaktari, Shangazi. Anataka jibu kesho."

"Utafanya nini?"

"Ile mada yako."

"Kumbe bado inakamulika," Shangazi alisema, akachukua chaki.

Alichora donge la chembe baridi, zinazoshikana kwa mvuto wao wenyewe. Chembe hazikubali kubanwa, zinasukuma nje, mvuto unavuta ndani, donge linasimama. Kwa hesabu za zamani za kwanta, zile za chembe ndogo, liongezee maada hadi uchoke, halianguki. Lakini ukiingiza marekebisho ya uhusianifu, yaani kanuni za vitu viendavyo karibu na kasi ya mwanga, mambo yanageuka. Msukumo ule unabeba nishati, na nishati nayo huvuta. Kinacholisimamisha donge ndicho kinachozidi kulielemea. Likipita kikomo, linaporomoka.

"Mimi niliyaweka marekebisho hayo," alisema. "Profesa akayakata kwa kalamu nyekundu. 'Madogo mno haya. Usinijazie makorokoro.' Nikayatoa."

Siku ya utetezi, mtahini wa nje aliuliza jambo moja tu: marekebisho yako wapi? Watu wote wakamgeukia msimamizi wake. Profesa akatikisa kichwa kwa huzuni, kama mfiwa.

"Akasema, 'Nilimwambia.'"

Binti alihisi masikio yakiwaka moto. Makala mpya ya Profesa alikuwa ameisoma wiki ile ile, tena kwa fahari. Marekebisho yote yamo. Jina la Shangazi halimo, hata kwenye shukrani.

"Nenda kwake ukitaka," Shangazi alisema. "Anajua kusifia. Wiki ya kwanza utajiona malaika."

Akaanza kufuta ubao. Vumbi la chaki likamtua mabegani, asilipanguse. Binti alikuwa na maswali chungu nzima. Likatoka moja.

"Shangazi, mbona siku ile hukusema ni yeye aliyeyakata?"

Shangazi hakugeuka.

"Kazi hii ya kufundisha ilikuwa inangoja saini yake, mwanangu. Nami niliitaka kazi."