Mshale Mmoja wa Chini

Leo nimefanya kitu cha aibu, na wivu wenyewe bado haujaisha.

Kwenye grupu yetu ya mtandaoni ya waliokulia mtaa wa Makongeni miaka ya tisini, watu walikuwa wanajisifu eti enzi zetu hakukuwa na wezi.

Nikaandika: "Acheni uongo. Si tulikuwa tunakalishwa kando ya kamba tuchunge nguo zisiibwe hadi zikauke?"

Wueh! Kila mtu akabonyeza mshale wa chini, ule wa kupinga, mpaka maoni yangu yakafichwa.

Saa moja baadaye Adhiambo, jirani yetu wa zamani, akaandika yaleyale. Akaongeza tu kwamba sweta yake ya shule iliibwa ikiwa bado inadondoka maji.

Watu wakacheka. Mishale ya juu ikamiminika. "Adhiambo, umetumaliza!"

Yaani tangu utotoni ni Adhiambo tu anayesifiwa!

Nikambonyezea mshale wa chini. Mmoja tu, roho itulie.

Sasa hivi ameniandikia pembeni: "Mwende, niliona wanakuonea nikaamua kukutetea. Lakini kuna mtu mmoja amenipiga mshale wa chini. Unadhani ni nani?"

Jamani, nimjibu nini?