Muhuri wa kuazima ulivyomponza dada yangu: kodi ya mauzo kwa mashine iliyonunuliwa mtandaoni kwa mtu binafsi

Wakuu, nawasalimu. Wakubwa shikamooni, wadogo nimeshaitikia.

Nimesoma uzi wa juzi wa yule ndugu aliyeuliza kama mtu akishinda mnada wa online, na muuzaji ni mtu binafsi tu anayeuza kitu chake cha nyumbani, kuna kodi ya mauzo ya kulipa. Majibu mengi yalikuwa ya aina moja: "Lipa tu yaishe."

Hayo majibu yamenikera mpaka nimeamua kuandika.

Nitakayoeleza hapa mengi niliyaona mwenyewe. Yale niliyosimuliwa, nitasema nilisimuliwa. Majina ya ofisi, shule na watu wazima walioajiriwa sitayataja, na msiniombe PM.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, mwanzoni mwa elfu mbili, hapa Songea. Mnaokumbuka mnajua. Kila kona duka jipya, mitumba imejaa, redio inasema serikali imejitoa kwenye biashara, sasa kila mtu auze na anunue apendavyo. Mimi nilikuwa na kibanda cha kutengeneza redio pale mjini, na jirani yangu alikuwa amefungua internet cafe ya kompyuta chache ambazo ukifungua ukurasa mmoja unaweza kwenda kunywa chai na kurudi.

Dada yangu mkubwa, Theofrida, alikuwa anaishi Ruhuwiko. Mjane. Alikuwa anafuma masweta kwa mkono, kwa zile sindano mbili ndefu. Kazi yake nzuri sana ila ni ya polepole. Sweta moja la mtoto wa shule linamlia siku kadhaa.

Mwaka huo, mkuu wa shule moja ya bweni ya wasichana, ambaye ni sista, aliliona sweta alilomfumia binti wa jirani. Akamwita. Akamwambia kwamba wanafunzi wapya wakija Januari watahitaji masweta, bluu iliyokoza yenye mstari mweupe shingoni, na akiweza kuyamaliza kabla ya kufungua shule, kazi ni yake, na mwaka utakaofuata pia.

Dada akasema ataweza.

Naomba mlishike neno hilo, maana uzi wote uko hapo. Alimpa Sista neno lake. Kwa watu wa kwetu, hasa mwanamke anayekaa peke yake na kuishi kwa kazi ya mikono, neno ndilo duka lako. Ukilivunja mara moja, parokia nzima inajua kabla ya misa ya pili.

Kwa mkono asingemaliza. Alihitaji mashine ya kufuma. Mashine mpya hakuna aliyeiweza.

Wakati ule kulikuwa na tovuti moja ya vijana wa Dar, siku hizi haipo, watu walikuwa wanaweka vitu vyao vilivyotumika, wengine wanapandisha dau. Siku nikipata nafasi naingia kuchungulia. Nikaiona mashine ya kufuma masweta, muuzaji yuko Moshi. Maelezo yaliandikwa na mtoto wake: mama amefumia kwa miaka mingi, sasa macho hayaoni vizuri, mashine ni nzima.

Nikapandisha dau, mtu mwingine akapandisha, nikapandisha tena. Tukashinda. Dada aliuza nguruwe wake wawili, mimi nikaongezea.

Muuzaji alikuwa mama mtu mzima, tumwite Mama Neema. Nikampigia kutoka kibanda cha simu. Mtu wa kuaminika, kwa sauti tu unajua. Akaniambia, "Mwanangu, usiwe na wasiwasi. Mimi nimesomeshea watoto kwa mashine hii. Nikimdhulumu mjane, nitalalaje?"

Basi. Pesa zikaenda, mzigo ukaanza safari.

Sasa sikilizeni kosa lilipoingia, maana ni kosa ambalo nadhani ni sisi tu tunaoweza kulifanya.

Mama Neema alipoupeleka mzigo kwenye ofisi ya mizigo ya basi pale Moshi (hii nilisimuliwa na yeye mwenyewe), karani akamuuliza risiti. Akamwonyesha karatasi aliyoandika kwa mkono: mimi fulani nimemuuzia fulani mashine yangu, na sahihi. Karani akaigeuza mbele na nyuma. Akasema haina muhuri. Njiani kuna vizuizi, polisi wakikuta mashine na karatasi isiyo na muhuri wanasema ni ya wizi, basi linachelewa. Mzigo hauendi.

Mama wa watu, muhuri atautoa wapi? Yeye si duka. Hana kampuni. Ni mama mwenye mashine.

Akarudi nyumbani. Jirani yake ana duka la vifaa vya ujenzi. Akamweleza shida, jirani akasema, "Shida iko wapi, mama? Lete." Akaigonga karatasi muhuri wa duka lake, chap, bila hata kuisoma. Ni wema tu, wala hakuchukua kitu.

Mzigo ukapanda basi. Vizuizi vyote ukapita.

Ukafika Songea, ukakamatwa.

Stendi siku hizo kulikuwa na afisa wa kodi aliyekuwa anapita kwenye ofisi za mizigo kukagua. Alikuwa amehamia kutoka mkoa mwingine, kijana nadhifu, anaongea taratibu. Akaiona karatasi yetu, akausoma muhuri. Duka, limesajiliwa, namba ya usajili wa VAT hiyo hapo. Akauliza iko wapi risiti halali ya duka yenye kodi.

Nitakuwa mkweli: swali lake la kwanza lilikuwa halali kabisa. Ningekuwa mimi, ningeuliza hivyohivyo. Duka lililosajiliwa likiuza kitu, lazima litoe risiti na kodi iwemo. Wengi mtaani tulikuwa bado tunaiita kodi ya mauzo, kwa mazoea ya zamani, lakini ilikuwa VAT.

Nikamweleza. Muuzaji si duka, ni mtu binafsi aliyeuza chombo chake cha nyumbani. Kodi hii inatozwa kwa mfanyabiashara aliyesajiliwa anapouza katika biashara yake. Mama anayeuza mashine yake kwa mama mwenzake hayumo. Haijalishi walikutana kanisani, sokoni au kwenye internet.

Afisa akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema hilo analijua. Akasema, "Lakini kaka, wewe unaniambia mtu binafsi, muhuri unaniambia duka. Nimwamini nani?"

Akataka mwenye duka aandike kwamba hakuuza yeye.

Nikapiga simu Moshi. Mwenye duka akawa mkali ghafla. Namwelewa. Akiandika kwamba muhuri aliuazimisha, anajikamatisha mwenyewe, maana kugonga muhuri wa biashara kwenye mauzo yasiyo yako ni kosa. Akisema mashine aliiuza yeye, anadaiwa kodi. Akaniambia nisimpigie tena, akakata.

Nikarudi kwa afisa, safari hii na dada, nikamwambia ukweli wote, mpaka karani wa Moshi alivyokataa kupokea mzigo bila muhuri. Kabla hajajibu, mchukuzi mmoja wa pale stendi, mzee anayetufahamu, akacheka, "Theofrida, mashine yako iko rumande bila kesi."

Dada hakucheka. Wanafunzi walikuwa wameshaanza kupewa orodha za vitu vya kuja navyo shuleni.

Afisa akasema kuna njia mbili tu. Dada alete ushahidi, au alipe kodi pamoja na faini, mashine itoke leo.

(Naona mtu huko chini ameshaandika "si mngelipa tu". Mkuu, hela yote ilikuwa imeingia kwenye mashine na nyuzi. Halafu ngoja nikuulize: ukilipa deni lisilokuwa lako ili upate haraka, kesho utamwambia nini mwenzako akikamatwa? Utamwambia na yeye alipe. Hivyo ndivyo kitu kisicho sheria kinavyogeuka sheria.)

Tukaandika barua. Tukaambiwa mkubwa amesafiri kwenda Tunduru, ni msimu wa korosho. Aliporudi, tukaambiwa faili liko kwa mwingine. Mvua zikawa zinanyesha kweli, mashine iko kwenye stoo ya stendi, mimi kila nikipita naenda kuomba waisogeze mbali na ukuta unaovuja.

Dada akawa anafuma kwa mkono. Hata akiongea na wewe mikono haisimami. Nikimwambia apumzike ananiuliza, "Konradi, nikipumzika, Sista atawavalisha nini wale watoto, maneno yangu?"

Aliyetuokoa, kama huko ni kuokolewa, ni Mama Neema. Aliposikia, hakunilaumu wala hakumlaumu jirani yake. Alishikwa mkono na mjukuu mpaka kwenye ofisi ya kodi ya kule kwao. Alisema mashine ni yake, akawaambia aliinunua lini na kwa nani, akaleta mwenyekiti wa mtaa, akaleta na sweta kuukuu alilolifuma nayo. Mbele yao akasema, kama kuna kodi ya kuuza kitu chako cha nyumbani basi waanze kutoza na wanaouza kuku wao. Sikuwepo, aliniambia kwenye simu, na bado alikuwa na hasira.

Ofisi ya kule ikatuma fax huku. Mkubwa wa huku akasoma, akaandika mstari mmoja: hakuna kodi inayodaiwa, mzigo utolewe.

Mstari mmoja tu, wakuu. Ungeweza kuandikwa siku ya kwanza.

Kufikia siku hiyo shule ilikuwa imeshafunguliwa.

Siku hiyohiyo dada alimpelekea Sista masweta aliyoyamaliza kwa mkono, hayakufika hata nusu ya darasa. Nilikwenda naye. Akamweleza habari ya mashine, muhuri, kodi. Sista alisikiliza kwa upole. Kisha akasema, na wala si kwa ubaya, "Theofrida mwanangu, kila fundi ninayemwamini huwa na hadithi ya kwa nini kazi haikuisha."

Akatuonyesha maboksi. Mfanyabiashara mmoja alikuwa ameleta masweta ya kiwandani kutoka Dar. Mstari wa shingoni ulikuwa wa njano badala ya mweupe. Shule ikayapokea, kwa sababu yalikuwepo.

Kutoka pale tukaenda moja kwa moja stendi kuchukua mashine. Afisa yuleyule alikuwepo. Safari hii alikuwa mchangamfu, akasema, "Mama, Mungu mkubwa, umeshinda. Hulipi kitu."

Dada akamwambia hataki pongezi, anataka aende naye mara moja kwa Sista akamwambie kwamba kuchelewa hakukuwa kwake.

Afisa akatabasamu. "Mama, ofisi haitoi ushahidi wa masweta."

Watu wakacheka. Mimi sikumbuki kama niliwahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yeye dakika ile, na hakuwa mtu mbaya. Hakuomba rushwa, lazima niseme. Hakututukana. Alifanya kila kitu kwa utaratibu, na kwa utaratibu huo akamvunjia dada yangu neno lake, halafu akaona hajafanya kitu.

Akampa karatasi ya kusaini. Imeandikwa nimepokea mzigo wangu ukiwa salama, na sina madai yoyote.

Dada akaisoma. Akaomba kalamu. Akapiga mstari juu ya yale maneno ya mwisho, taratibu, kama anayekata uzi, kisha ndipo akasaini.

Afisa akasema, "Mama, hiyo hairuhusiwi. Nitakutolea nyingine."

"Andika hata kumi," dada akamjibu. "Zote nitazikata. Madai ninayo."

Nilitaka kumwambia asaini tu twende, nimechoka. Nashukuru sikusema. Foleni ilikuwa ndefu nyuma yetu, watu walikuwa wameacha kucheka. Yule mzee mchukuzi akanyanyua mashine bila kusubiri mtu, akaipeleka nje. Hakuna aliyemzuia.

Mashine ilifanya kazi miaka mingi. Alifumia watoto wa Ruhuwiko, wa Mfaranyaki, mpaka wateja wa Nalasi, kule Tunduru, walituma vipimo. Shule ile haikumwita tena, si mwaka uliofuata, wala mwingine wowote. Alikuwa akikutana na Sista kanisani wanasalimiana vizuri tu.

Sasa kwa mliouliza, na kwa yule wa "lipa tu yaishe":

Mtu binafsi akikuuzia kitu chake, humuhumu nchini, hawi duka kwa sababu dau lilipandishwa kwenye simu. Usimwombe muhuri asio nao, na yeyote atakayeudai mwambie hana. Andikeni hati ya mauziano, mwende kwa mtendaji wa mtaa wa muuzaji, aigonge muhuri wa mtaa, maana huo unasema ukweli: huyu ni mkazi wetu na kitu ni chake. Ukiagiza nje ya nchi ni habari nyingine, huko forodha wana yao. Na sheria hubadilika, kaulize upya, usitegemee uzi wa mzee wa Songea.

Na ninyi wa ofisini mnaopita humu kimyakimya: kodi msiyostahili, mkiifuta, hamjarudisha kila kitu.

Mwenye kisa kama hiki akiweke hapa chini, hata kama aliambiwa ameshinda. Mwenye kuniona nimekosea kwenye sheria anisahihishe, nitamsoma kwa makini. Lakini msiniambie yaliisha. Dada yangu hajawahi kusaini kwamba hana madai.