Alama ya Maini

Juzi jirani yangu hapa Misugusugu alinifunulia mgongo wa mwanawe mchanga. Palikuwa na kidoa chekundu, kimevimba kidogo, na alitaka kujua kama nimewahi kuona kitu kama hicho. Nimewahi. Nilimwambia ampeleke kliniki wamtazame, kisha nikarudi kwenye vyombo vyangu, lakini vyombo havikuosheka. Akili ilishakwenda Kisarawe, nyumbani kwa bibi mzaa baba, mwaka ule nilipokuwa darasa la nne na mdogo wangu akazaliwa.

Nyumba ya bibi ilikuwa katikati ya mikorosho. Asubuhi kulikuwa na ukungu na baridi ambayo watu wa mjini hawaamini ninapowasimulia. Kazi zangu zilikuwa kutwanga kisamvu na kubangua korosho zilizochomwa, moshi ukiniwasha macho na mafuta ya maganda yakinibabua vidole. Nilizichukia zote mbili, ila kisamvu chenyewe, kikishatiwa nazi, nilikila bila kinyongo.

Mama alikuwa ndani na mtoto, wakisubiri arobaini. Chumba kilikuwa na giza, kinanukia ubani na uji wa pilipili manga. Mtoto alizaliwa hana doa. Baada ya wiki chache, kwenye kope la juu la jicho moja, kikatokea kitu chekundu mfano wa pale mbu anapouma, kikawa kinakua.

Bibi hakuhitaji kuuliza mtu. Mama alipokuwa mjamzito alitamani maini, baba hakuleta, na mama kwa hamu yake akajishika jichoni, alama ikamtokea mtoto pale pale. Basi. Na ukikitazama, kweli kilikuwa na rangi ya maini mabichi. Mashangazi walikuja mmoja mmoja kumlaumu baba, na yeye, mwalimu mzima anayeogopwa na shule nzima, akawa anapita uani kwa kunyata.

Alama ya aina hiyo, alisema bibi, haionyeshwi watu. Akaipaka wanja. Watoto wote wa kwetu hupakwa wanja kuwakinga na kijicho, lakini yeye aliukandika kwenye makope yote mawili, ili asitokee wa kuuliza kwa nini moja tu. Hata kliniki, siku ya kupima uzito, hakuna aliyeuliza. Nani atashangaa mtoto mwenye wanja?

Mpaka akaja nesi mgeni, mama mmoja mwenye sauti kubwa, aliyewafuta watoto nyuso kwa kitambaa cha maji kabla ya kuwashika. Nilikuwepo, nimebeba mfuko wa nepi. Alifuta, akainama karibu, akafuta tena.

"Mama, hiki kimeanza lini?"

"Ni alama ya maini," mama alijibu.

"Hii ni mishipa ya damu, imejikusanya. Hukua miezi ya mwanzo, halafu husinyaa polepole. Ingekuwa mgongoni, pengine tungeitazama tu. Lakini tazama, jicho halifunguki hata nusu. Jicho la mtoto linajifunza kuona sasa hivi. Likifungwa sasa, hata uvimbe ukiisha, litakuwa jicho la pambo."

Aliwaandikia waende Kibaha, hospitali kubwa. Baba aliomba nafasi kwenye pikapu iliyopakia mananasi, wakaondoka alfajiri. Walilala huko siku kadhaa, mtoto akianzishiwa dawa huku wakimwangalia mapigo ya moyo. Waliporudi na dawa yenyewe, bibi aliitambua. Ilikuwa kama yake ya presha.

"Mtoto huyu ana presha ya nini?" alifoka. "Ana mume anayemsumbua? Mtamuua mjukuu wangu!"

Mama hakuwahi kumjibu mkwewe. Siku hiyo alimgeukia, na nilimwogopea kuliko nilivyomwogopea mtoto.

"Mama, nisamehe," alisema. "Jicho ni lake, si letu."

Bibi akanyanyuka, akaenda jikoni. Siku mbili hakusema na mtu. Siku ya tatu mama akishika dawa, sauti ikatoka uani: "Mnyonyeshe kwanza! Dawa hiyo haipewi mwenye njaa, mimi naijua." Tangu hapo hakuna aliyethubutu kumpa mtoto dawa kabla bibi hajahakikisha kwamba ameshiba.

Wekundu ulichujuka kwanza, katikati pakawa kijivujivu, kisha kope likawa jepesi, likainuka. Halikutokea tukio. Hakuna siku ninayoweza kukutajia kwamba ndiyo lilipopona.

Mwezi uliopita nilikuwa Kisarawe. Mikorosho mingi imekatwa, pamejengwa nyumba za bati la rangi. Bibi hayupo tena. Mdogo wangu, sasa msichana wa sekondari, alituuliza lilikuwa jicho lipi. Nikasema la kushoto. Mama akasema la kulia. Tukabishana. Picha hakuna hata moja, maana bibi alikataza mtoto asipigwe. Tukamvuta mlangoni penye mwanga, tukamshika kidevu, tukamfumbisha, tukatafuta kovu, mkunjo, chochote. Hatukuona kitu.

"Mmemaliza?" akauliza, akafumbua macho, akatutazama kwa yote mawili.