Safari ya Kumsalimia Pongo

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kwa mlio wa kivuko cha Kigongo kikishusha mlango wake wa chuma upande wa Busisi, na kwa sauti ya baba yangu mdogo akilalamika nyuma ya usukani.

"Kote huku," alisema, "mafuta yote haya, tunakwenda kuangalia nyama ambayo haturuhusiwi hata kuionja."

Kwenye kiti cha mbele alikaa Shangazi Paskazia, dada yake mkubwa. Alikuwa amevaa kitenge chake cha misa ya Jumapili, na mapajani alishika kifuko cha kahawa kavu ya kutafuna, ile ambayo kwetu Uhaya mgeni haachwi akae muda mrefu bila kuwekewa mkononi. Tulipokwisha kupanda kilima na ziwa likabaki nyuma yetu, ndipo aliposema: "Rwegasira, ulikuwa hivi hivi tangu unanyonya. Endesha gari."

Sina budi kukueleza tulikuwa tunakwenda wapi na kwa nini, maana siku hizi mtu anaweza kuwa Mhaya kwa jina tu asijue habari ya muziro. Kila ukoo kwetu una kiumbe wake ambaye haumli, haumuui, wala hauikalii ngozi yake. Wetu ni pongo, mnyama wa jamii ya swala, mwenye haya, anayekaa peke yake kwenye vichaka vizito, mwekundu kama udongo wa Muleba, mwenye madoa meupe pajani. Wapo watakaokuambia kwamba huo ni ushamba. Mimi ni mwalimu, nimesoma vitabu vya kutosha kunitoa ushamba wa aina nyingi, na bado nakuambia kwamba watu waliojizuia kumdhuru kiumbe mmoja, bila askari wa kuwasimamia wala sheria ya kuwatisha, walikuwa wamejifunza jambo ambalo sisi tunalifundisha darasani kila mwaka na halishiki.

La kusikitisha ni kwamba wengi wetu tuliokatazwa pongo hatukuwahi kumwona. Shangazi, alipokuwa msichana mdogo, alimsikia tu. Chini ya shamba la migomba la baba yake palikuwa na bonde lenye msitu, na asubuhi za baridi pongo alibweka humo, sauti nzito iliyokwaruza, kama mbwa mwenye mafua. Babu alikuwa akisimamisha jembe na kuwaambia wanawe: "Anatusalimia." Kisha likaendelea jembe. Baadaye bonde lilifyekwa, ikapandwa kahawa, na baada ya kahawa mikaratusi, na salamu ile ikakoma. Shangazi akaolewa, akazaa, akazika mume, akazeeka, akiwa amemheshimu maisha yake yote mnyama ambaye hakuwahi kumtia machoni.

Macho yenyewe ndiyo yaliyomleta kwangu. Nilikuwa mwalimu mpya wakati huo, nimepanga nyumba Kiseke, pale Mwanza, naye alikuja kutoka Muleba kutibiwa. Daktari alimweleza bila kuficha kwamba ni presha ya macho. Dawa ya matone ingechelewesha giza, isingelizuia, na kile kilichokwisha kupotea kisingerudi. Shangazi mwenyewe aliliweka kwa namna yake: "Naona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba." Tulipotoka pale nilianza kumfariji kwa maneno mengi, maana nilikuwa kijana na niliamini kwamba maneno yana kazi kila mahali. Aliniacha nimalize. Kisha akauliza: "Pongo wanapatikana wapi siku hizi?"

Jumamosi iliyofuata nilimpeleka Saanane, kwa kuwa ni karibu. Kila mkazi wa Mwanza anakiona kisiwa kile, na wengi wanakufa bila kukikanyaga. Tuliona pimbi wakiota jua juu ya mawe, tukaona pundamilia, na Shangazi akageuza kichwa polepole hadi akampata swala aliyekuwa akila majani kando ya njia. Alimtazama kwa adabu. "Mzuri," alisema. "Lakini si wa kwetu." Askari wa pale ndiye aliyetuambia kwamba pongo tungewapata Rubondo, magharibi mwa ziwa, ambako msitu haujaguswa na shoka.

Tulipomweleza safari hiyo, baba mdogo alikataa katakata. "Muziro hautembelewi kama mgonjwa hospitali," alisema. "Na hizo hifadhi ni za wazungu na kofia zao."

"Hata mimi kofia ninayo," Shangazi alimjibu. "Ile ya ubishi, unayovaa wewe, ndiyo sina."

Alikataa siku mbili tatu, kisha akaja mwenyewe na gari lake, akisema tu kwamba hawezi kumwacha dada yake akapakiwe na watu asiowajua.

Mwanangu, usimcheke mzee yule. Aliyoyasema tuliyasema wote, na tunayasema hata leo. Tumekua tukiyatazama magari ya watalii yakipita Kisesa kuelekea Serengeti, tukayapungia mikono kana kwamba yanakwenda nchi nyingine, kisha tukarudi kwenye shughuli zetu. Mtu anavuka bahari kuja kuona kilicho nyuma ya nyumba yako, nawe unamuuliza kilivyo.

Boti ilitufikisha Rubondo alasiri kutoka mwalo wa wavuvi ambako tuliacha gari. Msitu ulishuka hadi majini, na viboko walikuwa wakikoroma kwenye matete. Aliyetupokea alikuwa askari wa kike, Mkerewe, mwenye sauti ya chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ni wewe unayekaa na pongo?"

"Ndiyo, mama. Wapo wengi."

"Hawajambo?"

Yule askari alinitazama kidogo, kisha akajibu kama anavyopaswa kujibu mtu aliyelelewa: "Hawajambo, mama. Walikuwa wanawasubiri."

Shangazi akafungua kifuko chake. Alitaka kahawa iachwe kichakani, kwani haiwezekani kwenda nyumbani kwa mtu mikono mitupu. Askari akamweleza kwa upole kwamba humo hairuhusiwi kuacha chakula cha aina yoyote.

"Basi tafuna wewe kwa niaba yao," Shangazi alisema, akamwekea punje kiganjani. "Na msinifikirie vibaya. Mimi ni Mkatoliki. Sikuja kumwabudu mnyama, nimekuja kumsalimia."

Askari akatafuna, akakunja uso kwa uchungu wa kahawa ile, na baba mdogo akacheka kwa mara ya kwanza tangu Busisi.

Jioni ile tulitembea polepole hadi mwanga ukaisha, hatukuona kitu. Tuliona nyayo, tukaona majani yaliyokatwa kwa meno, na kila mara askari aliponyoosha mkono, mnyama alikuwa amekwisha kuingia ndani kabla bomba la Shangazi halijamfikia. Boti yetu ilikuwa iondoke kesho yake mchana. Wakati wa kula baba mdogo alimchambulia dada yake samaki, akitoa miiba mmoja mmoja.

Asubuhi tuliketi juu ya gogo ukingoni mwa uwazi mdogo msituni. Umande ulikuwa bado haujakauka. Tulikaa hadi miguu yangu ikafa ganzi, na nikaanza kutunga moyoni maneno ya kumfariji njiani. Ndipo mnyama akabweka, sauti ile ile nzito, ng'ambo ya uwazi.

Shangazi alinikamata mkono. "Huyo," alisema. "Huyo huyo."

Kichaka kikatikisika, na pongo akatoka. Nilimwona kwa kufumba na kufumbua, wekundu tu nyuma ya majani, kiasi cha kujua yuko wapi. Nami, kwa kuwa nilikuwa nimesoma, nikaanza kumnong'oneza Shangazi habari zote za pongo: anachokula, pembe zake, kwa nini anapenda upweke.

"Nyamaza, Koku," alisema, na sijawahi kukemewa kwa sauti ndogo kama ile. "Ningetaka kusimuliwa, ningebaki nyumbani."

Kichwa chake kilikwenda kushoto, kikarudi kulia, kama mkono wa mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya zamani, na mara mbili kilimpita mnyama bila kumwona. Pongo hamsubiri mtu. Nilipiga magoti kando yake, nikamshika kidevu kama yeye alivyokuwa akinishika nilipokuwa mtoto anaponisuka nywele, nikaugeuza uso wake kidogo, na kidogo tena. Kisha nikahisi taya lake limetulia mkononi mwangu, nikaona macho yamekoma kutafuta.

Sikuyarudisha macho yangu kichakani. Nilimtazama yeye hadi mwisho, mpaka nilipomsikia askari akisema taratibu, "Amekwenda." Nilipogeuka, baba mdogo alikuwa amesimama nyuma yetu, kofia iko mkononi.

Giza lilimfika Shangazi kama daktari alivyosema, naye akaendelea kuishi nami Kiseke. Hakulalamika. Alijifunza nyumba kwa mikono. Mchana mmoja tulikuwa tumekaa kibarazani tukimenya maharage mabichi, na yeye alikuwa ananishinda kasi, alipouliza:

"Koku, yale madoa ya pajani. Yalikuwa yamejipanga, au yametawanyika? Yameanza kunipotea."

"Sijui, shangazi."

"Hujui vipi? Si ulikuwa umepiga magoti hapo hapo?"

"Sikumwangalia. Nilikuwa nakuangalia wewe."

Mikono yake ilisimama kwenye bakuli. Kisha akacheka hadi maharage yakamwagika. "Mjinga wewe! Mimi ulikuwa unaniona kila siku, tena bure. Mtoto wa watu anavuka ziwa kwenda kuangalia uso wa kizee!" Akajifuta machozi kwa upande wa kanga. "Haya basi," alisema. "Niambie. Nilikuwaje?"

Nikamwambia. Nilimwambia kwamba mdomo wake ulifunguka kidogo, kama wa mtoto aliyewekewa sahani ambayo hakuitarajia. Kwamba kilemba chake kilikuwa kimeteleza upande, na hakukirekebisha, yeye ambaye hakuwahi kuniacha nivuke mlango na kilemba kilichokaa vibaya. Kwamba aliinamisha kichwa mara moja, namna tunavyoitikia salamu ya mkubwa, na midomo yake ikasema jambo ambalo sikulisikia.

"Nilimwomba radhi," alisema, "kwa kuchelewa kuitikia."

Tangu siku ile tulikuwa na kazi ya kugawana. Yeye alinihifadhia mnyama, mimi nilimhifadhia uso. Alipokuwa na jioni nzito aliniita, akasema, "Njoo unionyeshe nilivyokuwa," nami nikamsimulia tena, sikuongeza wala kupunguza. Alifariki katika msimu wa senene, nyumbani kwao Muleba, na tukamzika kando ya migomba ya baba yake, juu ya bonde lile lisilo na sauti.

Sasa umri wangu umekwenda, na nilirudi Rubondo si muda mrefu uliopita. Nilipita juu ya daraja jipya, Kigongo hadi Busisi, na safari ambayo zamani ilitupa muda wa kununua mahindi ya kuchoma na kugombana ikaisha kabla sijamaliza kuitamani. Nilitafuta majini mahali kivuko kilipokuwa kikigeuka, sikupatambua. Kisiwani nilikaa asubuhi nzima, na pongo akatoka mbele yangu, akasimama kwa utulivu, akala. Nilimwona vizuri, mwanangu. Madoa ya pajani yametawanyika, kama unga uliorushwa kwa mkono, na juu ya mgongo kuna mistari hafifu. Nilikuwa na jibu hatimaye, zima na sahihi, nikageuza kichwa kwenda kulisema, na pale kando yangu palikuwa na gogo tupu.

Kwa hiyo sikiliza. Uliza leo, wala usingoje sikukuu, ni kitu gani ambacho mzee wako amekiheshimu maisha yake yote bila kukiona. Si lazima awe mnyama. Yaweza kuwa kaburi, kanisa, mto, nyumba aliyozaliwa. Kisha mpeleke angali na macho na miguu, hata kama jamaa wote watacheka, na njiani usimfundishe. Mlima, mbuga na kisiwa cha nchi yako usiwaachie wageni, kwa sababu wao wanakuja kutazama na wewe una wa kuwasalimia. Na mkifika, mmoja wenu akitazama anachokitafuta, mwingine amtazame yeye, maana siku itakuja ambapo mtahitaji kupeana vyote viwili.

Mungu akuzidishie wazee wa kusafiri nao. Macho yako yashibe kabla hayajachoka, na kila salamu uliyotumiwa tangu utotoni ikukute ungali na sauti ya kuitikia.