Fundi wa Viti na Herufi B ya Mzee Gerishon

Asubuhi hii ya baridi ya Julai, kinachoonekana cha Nasipwondi Wanzala ni miguu tu. Kichwa, mabega na tochi viko chini ya kiti cha dereva cha Subaru ya buluu, na humo ndani mnatoka manung'uniko kama ya mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka uvunguni.

Nje, mwenye gari, kijana aitwaye Eugene, anakizunguka kibanda huku amefumbata mikono, mithili ya baba mtarajiwa kwenye mlango wa wodi ya wazazi.

"Mathe, ni ile ya juu ama si ile ya juu?"

Miguu inasogea, kiwiliwili kinafuata. Nasipwondi anajifuta vumbi puani na kumtazama kijana kwa huruma.

"Umenunua gari nzuri sana," anamwambia. "Shida ni kwamba si ile uliyonunua."

Bango la kibanda chake hapa Kawangware, upande wa kuelekea Riruta, linasema anashona viti vya magari. Ni kweli, anashona. Lakini kinacholeta watu na magari yao ya zamani yenye turbo ni jambo jingine: mama huyu wa miaka arobaini na miwili, mzaliwa wa Bungoma na mkazi wa Kianda, Kibera, anaweza kukwambia gari lako ni la daraja gani hasa, hata kama limevaa beji ya daraja lingine.

Magari hayo yalitoka kiwandani Japani kwa madaraja. Bodi ni ile ile na mngurumo ni ule ule, ila moja ni la kawaida na jingine ni la juu. Mnunuzi wa kwanza aliweza pia kuongeza kifurushi cha vikorokoro alivyovipenda. Kwa nje, mara nyingi tofauti ni beji ndogo tu ya nyuma, na beji hiyo hapa Nairobi inauzwa kwa bei ya sahani ya nyama choma.

"Beji ni gundi tu," anasema Nasipwondi. "Spoila, hilo bawa la nyuma, ni skrubu. Lakini nani atajisumbua kubadilisha kitambaa cha chini ya kiti, mahali hata ufagio haufiki?"

Hakuzaliwa na elimu hiyo. Alikuwa akishona sare za shule Kibera hadi siku makanika mmoja wa Kawangware, Ambrose, alipomletea kiti kilichoraruka, fundi wake wa viti akiwa ameenda mazishini. Nasipwondi akaenda kutafuta kitambaa kinachofanana kwenye gari jingine la aina ile ile. Akakuta magari mawili yaliyofanana kama mapacha yamevaa nguo tofauti ndani, "kama watoto wa baba mmoja na mama wawili." Tangu hapo akawa hapiti gari la turbo bila kuchungulia dirishani. Mara mbili ameshukiwa kuwa mwizi.

Kipato? "Siku njema napata elfu mbili. Siku mbaya napata salamu."

Kipaji hicho, hata hivyo, nusura kimfukuzishe kibandani Julai ya mwaka jana.

Mkazi mmoja wa Nyayo Highrise, Duncan, alimtumia picha kwa WhatsApp. Alikuwa anataka kununua Subaru ya zamani, ile ndefu ya kubebea familia, yenye turbo na maandishi ya GT-B mgongoni. Kwa wapenzi wa magari hayo, GT-B ndiyo ya juu, na GT tupu iko chini yake. Tofauti ya jina ni herufi moja, lakini tofauti ya bei huweza kuitisha kikao cha ukoo.

Nasipwondi alikuwa anakula githeri. Alizitazama picha za viti, akaweka kijiko chini, akabonyeza pa kurekodi sauti.

"Duncan, hiyo ni GT tupu. Hiyo B imebandikwa na mtu ako na gundi mingi na aibu kidogo. Na ameibandika imelala upande kama mlevi! Mwambie mwenye gari akitaka herufi zaidi, alfabeti bado iko na zingine."

Kisha akacheka. Akacheka hadi githeri ikamkwama, na kukohoa kwake kote kukarekodiwa.

Jambo asilolijua ni kwamba wakati huo Duncan alikuwa amesimama uani kwa mwenye gari, ploti chache tu kutoka kibandani, na ujumbe ule aliucheza kwa sauti ya juu. Asilolijua zaidi ni kwamba mwenye gari alikuwa Mzee Gerishon Kagiri, mzee wa kanisa, mzaliwa wa Kawangware, na mwenye ardhi ambayo kibanda cha Nasipwondi kimesimama juu yake.

"Mzee hutembea polepole kama mtu anahesabu mawe," anakumbuka Nasipwondi. "Siku hiyo alikuja kama ambulensi."

Mzee alisimama mlangoni pa kibanda.

"Mama Immaculate," alimwita kwa jina la bintiye.

"Mzee! Habari ya mchana?"

"Hebu cheka kidogo."

"Nicheke nini, mzee?"

"Cheka tu. Ile kicheko ya githeri."

Nasipwondi anasema kama kungekuwa na kiti karibu angeingia chini yake asitoke. Mzee hakumtukana. Alimtaka aende akayarudie maneno yale mbele ya gari lenyewe, "likisikia." Wakaondoka, na nyuma yao wakafuata maseremala wawili na mama mboga aliyefunga biashara ghafla.

Gari lilikuwa chini ya kibanda cha mabati, la fedha, safi kuliko sebule nyingi za Nairobi. Mzee alilinunua zamani likiwa tayari na herufi yake ya B, na tangu hapo hakuna harusi wala mazishi ambapo hakuitaja. Mkewe, Nyawira, anayejulikana zaidi kama Mama Valerie, ndiye aliyetaka liuzwe.

"Hiyo gari inakalia nafasi ya nyumba mbili za kukodisha," alikuwa akisema. "Na hailipi kodi."

Nasipwondi aliingia chini ya kiti, akakaa humo muda, akatoka.

"Mzee, ni GT. Kitambaa ni cha GT, hata chuma inashika kiti ni ya GT. Pole."

"Na hii?" Mzee alifungua mlango na kuonyesha kitufe kando ya usukani, kilichosuguliwa na kidole miaka mingi hadi picha yake ikafutika. "Hii ni ya turbo. Nikipita lori pale Dagoretti, nabonyeza, gari inaruka!"

"Mzee, ukibonyeza hiyo, mguu wako huwa unafanya nini?"

Mzee alifikiri. "Unakanyaga mafuta."

"Basi."

Maseremala walitazama mbinguni. Nasipwondi, ambaye huruma ilikuwa imeanza kumwingia, akaeleza haraka kwamba gari si la kudharauliwa. Aliyeliagiza mwanzo huko Japani aliishi mahali pa theluji, akaliongezea kifurushi cha baridi, kitu ambacho hata hizo GT-B nyingi hazina. Kitufe kile hupasha joto sehemu ya chini ya kioo cha mbele ili waipa zisigandishwe na barafu.

"Barafu?" aliuliza Mama Valerie. "Kawangware?"

Injini ikawashwa, kitufe kikabonyezwa, mzee akaambiwa aweke kiganja juu ya kioo.

"Inapata joto," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu aliyesomewa majibu ya hospitali.

Mama Valerie alicheka hadi akatafuta ndoo ya kukalia. "Ngai! Baba Valerie, miaka yote hii umekuwa ukipita malori kwa nguvu ya kupasha waipa!"

Lakini Duncan, aliyekuwa bado pale uani, aliomba radhi. Alitaka B, na marafiki zake alikuwa ameshawaambia ni B. Alipotoka getini, kicheko cha Mama Valerie kilikatika kama maji ya mfereji. Akainuka juu ya ndoo.

"Mnunuzi ameenda," alimwambia Nasipwondi. "Na ni wewe umemfukuza. Mwisho wa mwezi utafute mahali pengine pa kushonea."

Mzee hakufungua mdomo. Leo anakiri kwamba alikuwa anaficha furaha. "Mimi sikutaka kuuza. Lakini mbele ya mama, huwezi kuonyesha meno."

Nasipwondi alirudi Kianda akiwaza angehamishia wapi cherehani inayomlisha yeye na binti yake Immaculate aliye kidato cha pili. Wateja wake wote walimjua pale. Alikuwa anapepeta mchele aliposimamisha ungo ghafla. Chini ya kile kiti alikuwa ameona plagi ndogo ikining'inia bila kuunganishwa na kitu. Mtu anayeagiza kioo cha kupashwa moto, alijiuliza, angekubali kukalia kiti baridi?

Kulipokucha alimkuta Mama Valerie getini, amejifunga leso mbili na sweta, mkono umeshika kiuno. Kila Julai mgongo wake humwadhibu, na mtaa mzima unajua.

"Mama, nipe hicho kiti siku chache tu. Nikishindwa, nitahama mwenyewe bila kuambiwa."

Mama Valerie alikubali kwa sura ya mtu anayemkopesha shemeji.

Nasipwondi alifumua kiti palepale uani. Chini ya sponji alikuta nyaya nyembamba za joto, zilizokatwa na fundi fulani wa zamani aliyedhani ni takataka. Akaziunga moja moja. Jaribio la kwanza alikalishwa mzee. Paja moja likapata joto, la pili likabaki Kawangware. Akafumua tena. Alipokishona mara ya mwisho, alimwita Mama Valerie.

Alikaa kama mtu aliyefika kung'olewa jino. Mzee Gerishon aliinama mlangoni.

"Unasikia kitu?"

"Nyamaza."

Dakika zikapita.

"Mama Valerie, mgongo unasemaje?"

"Gerishon, funga mlango. Unaingiza baridi."

Habari ya kuhama haikutajwa tena. Nyumba mbili za kukodisha nazo hazikujengwa. Asubuhi za baridi Mama Valerie huketi garini na chupa ya chai na redio ya Kikuyu, na akina mama wa kanisa wameshafanyia kikao humo, wakipokezana kiti. Mzee ndiye mwenye malalamiko. "Nikitaka kwenda Dagoretti, naomba ruhusa," anasema. "Na naambiwa ningoje taarifa ya habari iishe."

Na ile B? Je, aliing'oa?

Mzee Gerishon anakohoa. "Niliinyoosha."

"Mimi nilishika, yeye akapaka gundi," Nasipwondi anathibitisha, na kicheko chake kinasikika hadi kwa mama mboga.

Tangu wakati huo kazi imeongezeka. Wako wanaokuja kuulizia joto la viti katika magari ambayo hayakuwahi kuonja theluji, na wako watu kama Eugene, ambaye sasa ameketi juu ya tairi akijaribu kuamua atawaambia nini marafiki zake. Dada yake Nasipwondi, Nekoye, anatarajiwa kutoka Bungoma kuja kushika cherehani ya pili.

Yeye mwenyewe ana mpango mwingine. Immaculate akimaliza shule, anataka kufunga kibanda wiki moja na kwenda Mombasa. Si kuogelea.

"Nataka kusimama pale bandarini meli ikishusha magari," anasema, akiwasha tochi yake na kupiga magoti tena. "Niangalie moja tu. Hata kama ni ya chini kabisa. Nataka niione kabla Nairobi haijaigusa."