Kaka Hoza na Milima ya Watu

Enzi zetu kule Lushoto, sisi watoto wa milimani tuliamshwa na baridi kabla ya jogoo. Wenzangu mliokulia kule mtanielewa. Ukungu uliingia mpaka jikoni ukachanganyika na moshi wa kuni, na mama alituita kwa sauti ya juu kana kwamba tuko kijiji cha pili, kumbe tumechuchumaa hapo hapo tunaota moto. Tulikunywa uji, kila mmoja akachukua ukuni wake wa shule na mfagio wake wa chelewa, tukaanza kupanda. Peku. Shule ilikuwa juu ya kilima cha pili, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu ya mtoto.

Kaka yangu Hoza alinizidi miaka minne. Alitangulia na fimbo, akipukutisha umande kwenye majani ili sketi yangu isilowe. Nikilalamika kwamba nimechoka hakunibembeleza. “Hesabu hatua mia, kisha ulie,” alisema, na nikifika mia nilikuwa nimeshasahau kilio chenyewe. Wakati wa kurudi tuliokota mapeasi yaliyoanguka, tukakalia magamba ya migomba na kuteleza mteremko mzima mpaka kijitoni. Nyumbani tulipokewa na fimbo kwa sababu ya matope, kisha makande ya moto. “Mmechelewa, mnatembea kama wapeleka posa!” mama alitugombeza. Hoza alicheka hata akiwa anachapwa.

Siku moja walimu walikuwa wachache, tukachanganywa na darasa la kina Hoza, na mwalimu wa jiografia akabandika ubaoni picha iliyochanika pembeni. Milima ya Himalaya, alituambia, na huko juu kabisa, kwenye mabonde, wanaishi watu. Wanafuga, wanalima shayiri, na mahekalu yao wameyajenga kwenye miamba. Hoza akasimama. “Mwalimu, na watoto wao wanakwenda shule kwa miguu?”

Darasa zima lilicheka. Mwalimu hakujua jibu, akamwambia akae. Njiani Hoza aliniambia, “Nitakwenda kuwauliza mwenyewe.” Hakuwa anatania.

Hakwenda popote. Baba alifariki Hoza akiwa kidato cha pili, akaacha shule akalima kabichi. Mimi nikaendelea, nikasomea uuguzi, nikapata nafasi Uingereza. Asubuhi ya kuondoka alinibebea begi mpaka stendi. “Wewe nenda,” alisema. “Mimi niko na mama.”

Nimekaa Ilford zaidi ya miaka thelathini sasa. Binti yangu Sauda nimemzaa hapa. Kiswahili anakisikia vizuri, ila majibu yote ni Kiingereza. Hoza alipougua figo nilimwambia kwenye simu kwamba naja mwezi ujao. Mwezi ujao ukafika, wodini tukapungukiwa na watu. Uliofuata, Sauda alikuwa na mitihani. Kila mara Hoza alinijibu, “Usijali, maliza kazi zako.” Alifariki Jumanne alfajiri, na kabla ya adhuhuri walikuwa wameshamzika. Kesho yake nilikwenda kazini kama kawaida. Baada ya hapo nikaona aibu kwenda nyumbani, na aibu ikazaa aibu, hadi miaka minne ikapita.

Mwaka jana Sauda alipanga na rafiki yake kwenda kutembea kwa miguu katika bonde la Tsum, kaskazini mwa Nepali, mpakani na Tibeti. Rafiki akaghairi. Niliposikia neno Himalaya nikasema nitakwenda mimi. Sauda alidhani namtania.

Tulitembea siku nyingi. Kwanza korongoni, tukivuka madaraja ya waya yanayoning'inia, kisha bonde likafunguka: mashamba ya shayiri, nyumba za mawe, bendera za maombi zilizopauka kwa jua. Pasang, kijana aliyetuongoza, alituambia kwamba wazee wa kule waliapa zamani kutochinja wala kuwinda katika bonde hilo, na kiapo kingalipo. Njiani kulikuwa na kuta ndefu za mawe yaliyochongwa maneno ya dini yao ya Kibudha. Ukipita unauacha ukuta mkono wa kulia, kwa heshima. Jioni walitupa unga wa shayiri na chai ya siagi na chumvi. Niliulowesha unga kwa chai, nikaufinyanga kwa vidole kama tonge la ugali. Pasang akacheka, akauliza nani amenifundisha. Mwanangu wakati huo yuko nje, kainua simu juu anatafuta mtandao. Enzi zetu tuliinua mikono kuomba mvua.

Siku ya saba, pumzi ikiwa imeanza kuwa adimu, tulipishana na watoto wawili wenye sweta za shule. Mvulana alitangulia akiwa amebeba mabegi yote mawili, dada yake nyuma anaburuza miguu. Nilimwomba Pasang awaulize shule iko mbali kiasi gani.

“Saa mbili,” akanitafsiria. “Wanakwenda kwa miguu kila siku.”

Nikakaa chini, nikalia mpaka Sauda akaogopa.

“Mama, kuna nini?” aliniuliza kwa Kiingereza chake.

Nikamwambia. Alichojua siku zote ni kwamba alikuwa na mjomba, na mjomba amekufa. Nilimsimulia yote, umande, stendi, miezi ijayo yangu isiyokuja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Kwa nini umekuja hapa, Mama, badala ya kwenda kwake?”

Asubuhi iliyofuata kichwa kilinigonga kama mchi kinuni, na Pasang akaamua tushuke. Hekalu kubwa la mwisho wa bonde, tulilokusudia kulifikia, nililiona kwa mbali tu, jeupe, dogo kama punje kwenye mwamba.

Tuliporudi nikampigia mama simu, nikamweleza safari yetu. “Milima ya watu umeipanda,” alisema taratibu. “Kaburi la kaka yako nalipalilia mwenyewe, na mgongo hauniruhusu tena.”

Desemba nikaenda, na Sauda akanifuata. Mama hakunigombeza, alinipa jembe dogo, akakaa kwenye mkeka wake, akanionyesha kidole mahali ambapo magugu yamebaki. Nililima pembeni ya kaka yangu, nikamsomea dua, nikamwomba radhi. Sijui kama radhi hufika kwa aliyelala.

Lushoto ya leo ina lami mpaka karibu na mlango wa shule. Watoto wanapakiwa watatu watatu kwenye bodaboda, viatu vyao vinang'aa, na wakichelewa dakika tano wananuna kana kwamba wameonewa. Siwalaumu, miguu yetu ilipasuka kwa ile njia. Niliitafuta nikaikuta imefunikwa na miiba, nikapanda kidogo, nikageuka.

Enzi zile, kila kona niliyoikata nilimkuta Hoza amesimama ananingoja, amekunja uso kidogo kwa kucheleweshwa. Siku hizi nafika haraka kila ninapokwenda, wala hakuna ninayemchelewesha.