Mtani Hanyweshwi Sumu

Darasani kwangu hapa Korogwe, mwanafunzi mmoja alisimama akauliza swali zuri: yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliyewasumbua wakubwa kwa maswali hadi wakamnywesha sumu, asingezaliwa kabisa, leo dunia ingekuwaje? Kabla sijajibu, wenzake wakadakia. Tungekuwa gizani, mwalimu. Nani angetufundisha kuhoji?

Nilikasirika, sifichi. Mzee yule namheshimu, na kila mwaka namfundisha kwa moyo mmoja. Lakini gizani? Watoto wa Kizigua na Kisambaa, wenye watani tele, waseme kuhoji kuliletwa kwa meli? Nikafunga kitabu, nikawasimulia matanga ya baba yangu kule Mazingara, Handeni.

Baba na mama walilifyeka shamba letu wawili, tangu likiwa pori. Siku ya kuondoa tanga, baba mdogo alisimama mbele ya ukoo akatangaza kwamba shamba linarudi kwa ndugu wa marehemu. Mama alikuwa ndani na wanawake, mjane mpya, hana nafasi ya kusema. Sisi watoto tukatazama chini. Nani amjibu mkubwa wa ukoo?

Akainuka mtani wetu, mama wa Kinyamwezi kutoka Kilole, hapa Korogwe, ambako babu yake alikuja kukata mkonge. Wazigua na Wanyamwezi ni watani, na mtani msibani husema lolote; kumkasirikia ni aibu. Alikuwa amevaa koti la baba na kofia yake, uso kaupaka majivu. Akakohoa kikohozi cha baba hasa. Watu walicheka huku machozi yakiwatoka.

"Mdogo wangu," alimwambia baba mdogo kwa sauti nzito, "huku kaburini giza, nimeanza kusahau. Vile visiki vya shambani, niliving'oa na nani?"

"Na shemeji," baba mdogo akajibu, akicheka.

"Nguruwe walipovamia mahindi, nani alikesha nami kwenye dungu?"

"Shemeji."

"Na wewe ulikuwa wapi, mdogo wangu?"

"Nilikuwa mjini, kaka."

"Haya, niambie basi. Mwenye shamba nani?"

Kicheko kikakatika. Baba mdogo alijifuta jasho, akatazama mlango wa chumba alimokuwa mama. "Ni la shemeji," akasema mbele ya wote, na halikuguswa tena. Mtani alipewa jogoo, akaondoka naye huku akitutukana Wazigua wote.

Nikawaambia wanafunzi wangu: bila Mgiriki yule, vitabu vingepungua, nami ningekosa kipindi cha kufundisha. Kuhoji tungehoji tu.

"Na huyo mtani akifa, mwalimu?" akauliza mwanafunzi yule yule wa kwanza.

Alikwishakufa. Mama yangu, mtu wa kunyamaza maisha yake yote, alipanda basi kutoka Mazingara hadi Kilole kumzika. Nilikuwepo, na sijawahi kujivunia kuwa mwanawe kama siku ile. Alijifunga kanga ya marehemu, akajipaka majivu, akasimama mbele ya wana wa kiume waliokuwa wakigawana nyumba, akawauliza kwa sauti ya mama yao:

"Wanangu, mdogo wenu wa kike mmemwekea chumba gani?"